Jogoo Aliyetangulia Kilimani

Haya aliyasimulia Bonareri mwenyewe, mke wa Caleb, Jumapili moja ya mwezi wa nane, miezi mitatu baada ya maji kupanda, tulipokuwa tumekaa tukichambua omena, dagaa wa ziwani. Alisema yaandikwe kama yalivyokuwa, hata yale yanayomchekesha sasa na ambayo siku ile hayakumchekesha.

Mwaka huo ziwa lilikataa kukaa mahali pake. Mvua ya mwezi wa tatu ilinyesha mpaka wa nne, ya wa nne ikaingia wa tano, na kila asubuhi Bonareri akifungua mlango jambo la kwanza lilikuwa kutazama vijiti. Alikuwa amevichomeka vinne tangu langoni mwa boma mpaka kizingitini kwake, kila kimoja hatua tano kutoka kwa mwenzake. Cha kwanza kilimezwa wiki ya Pasaka. Cha pili kikaenda bila yeye kujua. Cha tatu alikikuta kimezungukwa na povu na magugu maji, na siku hiyo chai ilimshinda kunywa.

Boma lenyewe liko nje kidogo ya Muhuru Bay, upande unaotazama Tanzania. Alilianzisha baba yao Caleb, marehemu, zamani ziwa lilipokuwa mbali, mtu akitumwa maji anarudi amechoka. Na lilipangwa kama boma lolote la Waluo: nyumba ya mama iko juu, ndani kabisa, na nyumba za vijana ziko chini karibu na lango. Nyumba hiyo ya kijana wanaiita simba. Simba ya Caleb ilikuwa mkono mmoja wa lango, ya kaka yake Stanley mkono wa pili, imefungwa kwa kufuli kwa sababu mwenyewe yuko kazi ya mbali. Kwa hivyo maji yalipokuja, yalianza na watoto wa kiume, mama yao bado yuko pakavu.

Bonareri ni Mkisii wa Suneka. Kwao ni vilima na migomba. Maji yakishuka yameshuka, hayarudi kukutafuta nyumbani. Hapa alikuwa na watoto watatu. Wawili wakubwa walilala kwa nyanya yao huko juu, maana mjukuu kulala kwa nyanya si kosa. Lakini wa tatu, Celestine, alikuwa na miezi mitano na alikuwa ananyonya, na mwanamke mwenye mume hawezi kulala nyumba ya mama mkwe. Basi mama na mtoto walibaki kwenye simba, sakafu inatoa jasho, blanketi halikauki, na kifua cha mtoto kinapiga filimbi tangu jioni mpaka jogoo awike.

"Caleb," alimwambia mumewe, "tuhame."

"Twende wapi?"

"Kilimani. Si mna shamba pale juu? Linakaa bure, nyani tu ndio wanatembea."

Caleb alikuwa fundi wa injini za mashua, mtu wa kushika spana na kunyamaza. Akafuta mafuta mkononi, akasema, "Stanley hajatoka."

Hilo neno Bonareri alikuwa ameshalisikia mpaka limemchosha. Kwa watu wa mumewe, kijana hutoka kwa baba yake akaanzishe boma lake, lakini wanatoka kwa zamu. Mkubwa kwanza. Mdogo akimruka mkubwa, ameita chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haichagui: yaweza kumkondesha mtoto, yaweza kumwangusha huyo kaka mkubwa aliyerukwa. Na Stanley hakuwa mtu wa kusubiriwa nusu saa. Stanley alikuwa mpishi kwenye meli inayobeba wataalamu wa kupima barafu, huko kaskazini mwisho wa dunia, mahali jua halizami tangu mwezi wa tano mpaka wa saba.

Alikuwa anapiga simu ya picha kila Jumapili. Walikusanyika kwa mama yao, Mama Bathsheba, simu imeegemezwa kwenye thamosi. Jumapili ile Stanley aligeuza simu dirishani, wakaona weupe mtupu, hakuna mti, hakuna ng'ombe.

"Hiyo yote ni barafu ya friji?" Mama Bathsheba aliuliza.

"Mama, hii ndiyo mama wa friji zote."

"Redio imesema inayeyuka."

"Inayeyuka, Mama. Tena haraka kuliko walivyodhani hawa wenye kuipima. Wanaandika hesabu leo, kesho wanafuta."

Mama Bathsheba alisogea karibu na simu kama anayetaka kunong'ona, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Sasa, mwanangu, hayo maji yake mnayaelekeza wapi?"

"Wapi namna gani?"

"Ninakuuliza mnayaelekeza wapi, kwa sababu langoni kwangu yamefika. Nyumba yako ina maji mpaka kwa bawaba. Waambie wakubwa wako wafunge kidogo, tuvune mahindi kwanza."

Caleb alitazama ukuta. Stanley hakucheka, alimheshimu mama yake. Akamweleza polepole kwamba maji ya huko yanaingia baharini, na ziwa letu liko juu sana, bahari haiwezi kulipandia. Hayo ya langoni ni ya mvua. "Lakini joto ni moja, Mama. Linaloyeyusha huku ndilo linalokoroga mvua huko."

"Basi si ni yale yale," alisema Mama Bathsheba.

Bonareri alichukua simu, mtoto begani. "Shemeji, unarudi mwezi huu kama ulivyosema?"

Stanley alijikuna shingo. "Nilikuwa nirudi, shemeji. Wameongeza kazi. Barafu inawakimbia, wanataka kuipima kabla haijaisha. Ni mpaka wa tisa."

"Wa tisa! Utanikuta nimeota mapezi."

"Vumilia tu, shemeji. Vumilia." Simu ikakatika, kama kawaida yake.

Hayo ndiyo aliyoyasema Stanley Jumapili ile, hayo tu, na waliokuwa chumbani ni watatu: Bonareri, mumewe, na mama mkwe. Msomaji ayaweke hayo akilini.

Alhamisi yake Caleb alikwenda Homa Bay kutengeneza injini ya mtu. Mama Bathsheba alikwenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, na watoto wakubwa walikuwa shule. Bonareri aliwasha jiko, akateleka uji. Saa nane mchana upepo uligeuka, ukatoka ziwani. Hakuona wimbi, aliona kandambili zake zikitoka chini ya kitanda, zikielea taratibu kuelekea mlangoni kana kwamba zimeitwa.

Alichungulia nje. Kijiti cha nne hakikuwepo. Karibu na choo palikuwa na alama za miguu ya kiboko, mbichi, kila moja imejaa maji.

Mtu akikimbia maji anabeba kile mkono unachokutana nacho, na mkono wa mwanamke unakutana na vitu vya jikoni. Alimfunga Celestine mgongoni. Jiko lilikuwa limeshika moto vizuri na makaa yaliyobaki guniani yalikuwa yameloa, kwa hivyo hakutaka kuumwaga huo moto; akaiacha sufuria ya uji mezani, akaliweka jiko ndani ya karai, karai kichwani. Jogoo alikuwa amepanda juu ya meza akipiga kelele. Huyu jogoo hakuwa wake. Aliletwa Krismasi na Helen, mke wa Stanley, akasema, "Huyu anamngoja mwenyewe, asiguswe," na Bonareri aliona afadhali apoteze godoro kuliko amjibu Helen kuhusu jogoo. Akamtia kwapani. Chini ya kabati alivuta turubai la bluu, na nyuma ya mlango akachukua shoka, la kukatia miti ya kulisimamisha.

Akapanda kilima hivyo.

Huko juu sehemu ya Caleb ni mawe matupu. Sehemu ya Stanley ina mahali tambarare, karibu na mti wa ober. Hakufikiria ni kwa nani, alifikiria turubai litakaa wapi. Alikata miti minne, akafunga kamba, akaweka jiko katikati, akamfunga jogoo mguu. Moto ulipotulia alimnyonyesha mtoto, mtoto akalala, na Bonareri akatazama miguu yake. Ilikuwa imekauka. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa nyeupe kama ya maiti, lakini ilikuwa imekauka.

Saa kumi Mama Bathsheba aliona moshi. Alipanda akihema, mkoba wa kanisa mkononi, na alipofika hatua kumi hivi kutoka kwenye turubai alisimama. Alinyoosha kidole kama mwalimu anayehesabu watoto.

"Jogoo," alisema. "Shoka." Kidole kikashuka kwenye jiko. "Moto."

Kisha akakaa chini, kwenye majani yenye maji, na nguo yake ya kanisa.

"Nyar Kisii," alisema, maana hilo ndilo jina alilompa tangu harusi, binti wa Kisii, "ni nani amekutuma?"

"Maji, Mama."

"Nimeuliza mtu."

Ndipo Bonareri akaambiwa kitu ambacho kwa miaka tisa ya ndoa hakuna aliyefikiria kumwambia, kwa kuwa kwa wenyewe kinajulikana kama kujua njia ya kisimani. Mtu anapoanzisha boma jipya hatoki mikono mitupu. Anatoka na jogoo na shoka, na mke wake amebeba moto. Wanasimamisha kibanda, wanalala, na kukicha hapo ni boma. Vitu vitatu hivyo. Angebeba sufuria, au godoro, au mbuzi wa jirani, ingekuwa ni mwanamke amekimbia mafuriko. Lakini yeye, katika vitu vyote vya nyumba, alichagua hivyo.

"Basi nauzima," alisema Bonareri, akiinamia jiko. "Nauzima, narudi chini."

"Acha! Unazima boma kama unazima sigara? Umelala hapa?"

"Mimi sijalala."

"Basi usilale. Kulala ndiko kunakofunga. Usilale hapa mpaka mkubwa wa ukoo, Mzee Abuto, aje." Halafu uso wa mama ukabadilika, na Bonareri akaona kwamba hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anaogopa. "Na Stanley yuko juu ya barafu," alisema. "Yawa, mtoto wangu anatembea juu ya maji yaliyoganda, na wewe umemruka."

Kuanzia hapo Bonareri hakuwa na mahali. Simba ilikuwa ndani ya ziwa, kwa mama mkwe hapawezekani, na kilimani akae lakini asifumbe macho. Jioni alishuka sokoni na mtoto, na Ruqia, mwenye duka alikonunua lile turubai, akamfungulia stoo. Ruqia ni mtu wa Isiolo, amekaa Muhuru miaka kumi na moja na bado anashangaa.

"Kwa hivyo kosa ni jogoo?" Ruqia aliuliza, akimtandikia magunia.

"Kosa ni vyote vitatu kuwa pamoja."

"Subhanallah. Na ungemwacha azame?"

"Helen angenizamisha mimi."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika popote. Asubuhi alipanda kilimani kuchochea moto, maana Mama Bathsheba alisema usizimike wala usihamishwe, mchana alishuka kutazama maji, jioni dukani. Ijumaa Caleb alirudi kutoka Homa Bay. Alisimama mbele ya turubai, akazunguka mara mbili, kama anavyozunguka injini iliyokataa.

"Ulijua?"

"Ningejua ningebeba sufuria, Caleb."

"Stanley anapatikana?"

"Nimepiga tangu jana. Hapatikani."

Caleb alichukua simu akapiga yeye, kana kwamba kidole chake kingekuwa na bahati zaidi. Hapatikani. Jumamosi, hapatikani. Jumapili walikaa tena kwa Mama Bathsheba, simu kwenye thamosi, tangu watu walipotoka kanisani mpaka kuku wakaingia. Haikulia. Redioni mtu mmoja mwenye sauti ya kupendeza alisema barafu ya kaskazini inakatika mapema mwaka huu, kisha wakapiga muziki. Mama Bathsheba alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama. Chakula kilipoa mbele yake.

"Akianguka kwenye hayo maji," alisema bila kumtazama yeyote, "ni mguu wa mtu ndio uliomsukuma."

Bonareri alimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Hakuwa anaamini chira, alisema. Kwao Suneka kuna mambo mengine ya kuogopwa. Lakini siku nne za simu isiyoshikwa zinaweza kumfundisha mtu kuamini chochote. Alijikuta anahesabu: Alhamisi saa nane mimi nilikuwa napanda, Alhamisi saa nane yeye alikuwa wapi?

Jumatatu alifika Mzee Abuto kutoka Ndhiwa, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuja na pikipiki, kofia yake imefungwa kwa leso isipeperuke. Saa hiyo hiyo alifika Helen kutoka Awendo. Helen ana hoteli ndogo barabarani, anawapikia madereva wa malori ya miwa, na sauti yake imezoea kushindana na injini.

"Nimesikia nimefunguliwa boma!" alisema akiwa bado chini ya kilima. "Mimi mwenyewe sipo, mume wangu hayupo, boma liko! Na jogoo wangu amealikwa!"

"Nyieka, nisamehe," alisema Bonareri. Wake wa ndugu huitana hivyo, kama wake wenza.

"Nitakusamehe nikijua umenifanya nini."

Mzee Abuto alikalia jiwe, akafungua leso, akavua kofia. Hakupenda haraka. Aliuliza kama fundi cherehani anayepima.

"Jogoo ni wa nani?"

"Wa Helen," alisema Bonareri. "Kwa hivyo wa Stanley."

"Shoka?"

"La baba," alisema Caleb. "La mkubwa. La Stanley."

"Mahali hapa tulipokaa?"

"Sehemu ya Stanley."

"Kuna mtu amelala hapa?"

Bonareri alisita. "Mtoto. Alhamisi mchana, baada ya kunyonya."

Mzee alimtazama Celestine, ambaye alikuwa anakula ncha ya leso yake. "Huyo hata kwenye mimbari angelala. Usingizi wa mchana si usingizi wa boma." Helen alicheka, akajizuia. "Na moto?"

Bonareri alilitazama jiko.

"Moto ni wangu," alisema Bonareri. "Jiko langu, makaa yangu."

Mzee Abuto alitikisa kichwa taratibu. Vitu viwili ni vya mkubwa, na ardhi ni ya mkubwa, alisema, lakini moto wa mke wa mdogo umetangulia. Kuna njia mbili tu. Kama Stanley alimtuma, basi mikono ya huyu mwanamke ilikuwa mikono ya Stanley. Boma ni la Stanley, Helen alale hapa aweke moto wake, na baadaye Caleb atoke kwa zamu yake bila tatizo. "Lakini kama alijituma, aende kwao Suneka na huyo anayenyonya. Wale wakubwa wabaki. Stanley akirudi mwezi wa tisa tutafanya usafi, ndipo arudi."

"Miezi minne?" alisema Bonareri. "Niwaache watoto wangu miezi minne?"

"Si mimi ninayesema, mama. Hivyo ndivyo ilivyo."

Caleb aliinamia jiko, akasogeza kaa lililoanguka. Bonareri alimtazama mama mkwe. Mama Bathsheba alikuwa anatazama ziwa.

Jumatatu ikapita hivyo. Mzee alilala kwa jirani, Helen naye akaenda kulala stoo kwa Ruqia na nyieka wake, akilalamika juu ya panya. Hakuna aliyelala sawasawa. Jumanne mchana walikuwa wote kilimani, hata Mama Bathsheba, maana mtandao unashika vizuri zaidi juu, na simu ikalia.

Picha ilikuja vipande vipande: sikio, kofia, kisha uso wote wa Stanley. Macho mekundu, ndevu siku nyingi. Mama Bathsheba alishika simu kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Uko mzima? Hebu nionyeshe miguu."

"Miguu iko, Mama. Tulikuwa taabani kidogo." Akasimulia. Wataalamu walikuwa wamepiga hema juu ya barafu, mbali na meli, na yeye alikuwa nao huko akiwapikia. Hesabu zao zilisema barafu hiyo itashika mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Alhamisi barafu ililia kama bunduki, ikapasuka katikati ya kambi. Watu walitoka wote. "Hema la jikoni ndilo liliondoka, Mama. Jiko langu, sufuria, mtambo wa simu, kila kitu. Nimesimama pembeni naangalia jiko langu linazama, na bado linawaka. Siku tano tumeishi kwa biskuti."

"Na hao wenye kupima hawakujua?" aliuliza Mama Bathsheba.

"Walijua itakuja. Walidhani ina zamu yake. Barafu haikungoja zamu."

Mama Bathsheba aligeuka akalitazama turubai. Mzee Abuto aliomba simu, akaishika mbali na macho yake.

"Stanley. Abuto hapa. Tumefurahi uko hai. Sasa nijibu kitu kimoja. Alhamisi hiyo hiyo mke wa Caleb alipanda hapa kwako na jogoo, shoka na moto. Unalijua jambo hilo?"

Kwenye kioo Stanley hakusogea, mpaka Caleb akadhani mtandao umeganda. Lakini macho yalikuwa yanatembea. Yalimwona mzee, yakaona turubai nyuma yake, jiko, na Bonareri amesimama na mtoto ambaye kifua chake kilisikika mpaka kwenye simu.

"Nalijua," alisema Stanley. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Lini?"

"Jumapili iliyotangulia. Nilimwambia, shemeji, maji yakifika mlangoni peleka moto kwangu, usiningoje."

Bonareri alitazama chini. Alijua alichoambiwa Jumapili ile. Aliambiwa avumilie. Na Mzee Abuto hakuwa mtoto. Alimrudishia Caleb simu, akageuka.

"Kuna mwingine aliyesikia maneno hayo?"

Caleb alikuwepo, lakini mume hawi shahidi wa mke wake. Helen hakuwepo. Basi macho yote yakaenda kwa Mama Bathsheba, mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kuvuka mguu wa mtu aliyeketi, ambaye alikataa kuezeka jikoni kwake mwaka mzima kwa sababu siku haikuwa sawa. Alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani. Huko chini paa la simba ya Stanley lilionekana juu ya maji, na korongo mmoja mweupe amesimama juu yake. Aliutazama moto wa Bonareri, ambao yeye mwenyewe aliamuru usizimwe.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Simu ilikuwa kwenye thamosi yangu."

"Na alisema hivyo?"

"Alisema." Akavuta zipu ya mkoba, akaifungua tena. "Nyar Kisii hakusikia vizuri kwa sababu mtoto alikuwa analia. Lakini mimi nilisikia."

Mzee Abuto alimtazama shemeji yake muda wa kutosha mtu kuvaa viatu. Kisha akachukua kofia yake. "Basi boma ni la Stanley," alisema. "Helen, moto wako uko wapi?"

Helen alikwenda kwenye ule mzigo aliokuja nao, akafungua kanga, akatoa mtungi mdogo wa gesi wa hoteli yake, wenye kichwa cha kuwashia. Caleb alishindwa kujizuia.

"Shemeji, hiyo ndiyo ya kuanzishia boma?"

"Wewe nyamaza, spana. Mimi siinamii moshi." Akageukia mzee. "Jaduong', imekatazwa?"

Mzee Abuto aliutazama mtungi juu mpaka chini. "Unachoma?"

"Unachoma."

"Unaivisha ugali?"

"Wa watu ishirini."

"Ni moto. Washa."

Walikula mapema, ugali na omena, jua bado liko. Mzee akaonyesha jiwe la mpaka, akamwambia Caleb kwamba kesho kutwa, Helen akishalala siku mbili, naye ataweza kuja na shoka lake upande wa mawe. "Na jogoo wako mwenyewe," alisema Helen. Mama Bathsheba aliwachukua wajukuu wawili wakashuka kwake, maana mama halali kwenye boma la mwanawe. Kabla ya kuondoka alisimama karibu na Bonareri, akamfunika mtoto kichwa.

"Mama," alisema Bonareri kwa sauti ya chini, "ile Jumapili..."

"Kifua hicho kisugulie mafuta ya taa kidogo, kwenye nyayo," alisema Mama Bathsheba. "Na kijiti kingine nitachomeka mimi, kule kwangu. Usiku huu kitakuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Nitahesabu kesho."

Giza lilipoingia Celestine alilala kwanza, amekunja ngumi. Mzee Abuto alikuwa ameshashuka kwa jirani. Caleb alijilaza nje ya turubai, juu ya gunia, akawa anakoroma kabla hajavua viatu. Helen alisema hawezi kulala mahali hapana mlango, akalisema mara tatu, na mara ya nne hakuifikisha mwisho. Chini, taa ya Mama Bathsheba ilitembea kutoka dirisha moja kwenda jingine, ikatoka nje, ikainama karibu na ardhi, ikarudi ndani, ikazimika.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa Stanley, ameandika tu: *Jua liko juu ya kichwa lakini nimefunika dirisha kwa blanketi. Naenda kulala. Shemeji, umelala?*

Bonareri aliiweka simu chini. Alikaa akisikiliza. Kutoka huko chini maji yalisikika kama mtu anayekunywa polepole, hana haraka, anajua sufuria yote ni yake. Alitaka kuamka atazame. Akakumbuka kwamba hapa hakuna vijiti vyake. Akageuka upande wa mtoto, akaweka mkono juu ya kile kifua, akafuata pumzi moja, na ya pili, na ya tatu, akapitiwa.